Kumwandikia Aliyefiwa na Babu
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Njombe



Nimeombwa niseme machache juu ya salamu za rambirambi, kwa kuwa ndimi mliyenikabidhi kalamu ya kuziandika kwa niaba ya chama. Misiba ni mingi na muda ni mfupi, kwa hiyo nitasema juu ya msiba mmoja tu: kufiwa na babu. Nimeuchagua huu kwa sababu ndio unaoandikiwa kwa haraka kuliko yote.

Mtu akifiwa na mtoto, kila mwenye kushika kalamu husita. Akifiwa na babu, hakuna anayesita. Utasikia: "Pole, lakini mzee amekula chumvi nyingi." Mwingine ataandika: "Tumshukuru Mungu, ameona hata vitukuu." Maneno haya si matusi, na wenye kuyasema wana nia njema. Lakini yanampa mfiwa hesabu ya miaka, wakati yeye anamlilia mtu.

Wahenga walisema, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mimi naielewa methali hii hivi: mwenye msiba ndiye ajuaye ukubwa wa msiba wake. Yeye mwenyewe akisema babu ameshiba umri na amekwenda kwa amani, hapo nasi tutaitikia. Asiposema, si kazi yetu kumtangulia.

Na hapa kwetu, ndugu zangu, yatupasa kuwa waangalifu zaidi. Mnajua yaliyopita katika vijiji vyetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watu wazima 14.8 katika kila mia walikuwa na virusi vya UKIMWI, hali wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Uchunguzi wa mwaka 2016–17 ulikuta bado ni 11.4. Leo dawa zipo na watu wanaishi. Lakini kabla dawa hazijaenea, nyumba nyingi ziliondokewa na baba na mama, wakabaki wazee na wajukuu. Mzee aliyedhani amemaliza kulea alianza upya: kupalilia viazi, kubandua magome ya miwati akauze, kupigania ada na sare za shule. Wapo miongoni mwenu mlioketi hapa ambao fomu ya shule ilipouliza jina la mzazi, liliandikwa jina la babu. Siku mzee huyo akifariki, mwenzetu amefiwa na baba mara ya pili. Kumwambia kwamba mzee amekula chumvi nyingi ni kumwambia asilie sana.

Ndugu Mwenyekiti, utaniwia radhi nikigusa jambo la chama. Utaratibu wetu wa rambirambi unataja mzazi, mke na mtoto. Babu hamo. Mwenzetu aliyelelewa na babu akifiwa, daftari la michango halifunguliwi. Lakini sheria ya nchi imeona mbali kuliko sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, inapotaja likizo ya msiba yenye malipo, isiyopungua siku nne, haiishii kwa mwenzi wa ndoa na mzazi. Inamtaja babu au bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa. Ikiwa mwajiri anatakiwa kumhesabu babu, itakuwaje sisi tuliolala bweni moja tusimhesabu? Napendekeza tuongeze maneno mawili tu: "au mlezi". Mkutano utaamua.

Sasa nirudi kwenye kalamu. Nadhani yapo mambo manne.

La kwanza, mtaje marehemu. Usiandike "babu yako" tu kama vile babu wote ni mmoja. Taja jina lake, au lile walilomwita kijijini. Kama humjui jina, uliza. Ukimwuliza jirani au ndugu yake utapata kwa dakika moja. Uliza pia dini yake, maana sala inayompendeza huyu huenda isiwe ya yule.

La pili, sema jambo moja la kweli juu yake. Moja latosha. Wazee hawa walikuwa na maisha marefu kabla sisi hatujawaita babu. Wengine walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Wengine walishika sululu kwenye reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Kama mzee alikusimulia habari hizo nawe uliketi ukamsikiliza, ziandike. Mjukuu atafarijika kujua kwamba habari za babu yake zimebaki kwa mtu mwingine pia. Hata utani unafaa. Babu na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu "mume wangu", na babu hulalamika kwamba ameporwa mke. Kama ulisikia utani huo, ukumbushe. Mfiwa akicheka kidogo katikati ya machozi, hujakosa adabu. Lakini kama hukumfahamu mzee, usitunge sifa. Sema yale uliyomsikia mjukuu mwenyewe akisimulia juu yake.

La tatu, usimwamuru mfiwa. "Jikaze", "usilie", "wewe ni mwanamume" ni amri, tena zinamjia mtu asiye na nguvu ya kuzitimiza.

La nne, ahadi iwe ndogo na yenye siku. "Ukiwa na shida niambie" humwachia mfiwa kazi ya kuomba. "Jumamosi nitaleta magunia mawili ya mkaa" ni msaada.

Kisha tofautisheni salamu mbili. Ipo ya kusomwa hadharani makaburini, baada ya wasifu wa marehemu. Hiyo iwe fupi, itaje chama, itoe heshima kwa ukoo mzima, na isiwe na mambo ya siri. Ipo ya pili, ya kwenda kwa mjukuu peke yake. Hiyo ndiyo inayosahauliwa. Zamani telegramu ililipiwa kwa kila neno, na mtu aliyetuma maneno sita alieleweka. Siku hizi maneno hayana bei, lakini katika kundi la WhatsApp mmoja huandika "Pole sana, apumzike kwa amani", na arobaini waliobaki huyanakili. Fedha nazo hutumwa kwa simu, na ni jambo jema, maana jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji vinazihitaji. Lakini fedha isifike peke yake kama malipo ya deni.

Nimeulizwa mara nyingi nitoe mfano. Huu hapa, nao si wa kunakili:

"Ndugu yangu, nimepata habari leo asubuhi kwamba Babu ametutoka. Pole sana. Najua ndiye aliyekulea, na ndiye tuliyemwona kila siku ya wazazi. Namkumbuka alivyokuja bwenini na kikapu cha viazi vya kuchemsha, akatugawia sisi sote kwanza ndipo akakupa wewe. Kesho alfajiri nitakuwa Makambako. Ukishuka kwenye basi utanikuta, twende nyumbani pamoja. Kama huna nguvu ya kujibu, usijibu. Mungu ampumzishe Babu, na awatie nguvu wewe na Bibi."

Nimeitaja Makambako kwa makusudi. Wengi wetu hatuishi tena hapa. Tuko Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya. Habari ya msiba ikifika, mwenzetu hupanda basi au treni peke yake, akashuka Makambako, njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Mara nyingi ni usiku, na baridi ya kwetu mnaijua. Zimebaki kama kilometa 60 afike Njombe, na huenda bado kuna safari ya kijijini. Hapo ndipo hutoa simu yake mfukoni. Salamu yako na imkute hapo. Ukingoja mpaka mazishi yaishe, utamkuta amezungukwa na watu na hana nafasi ya kusoma.

Na mwandikie tena. Matanga yakianuliwa, watu hutawanyika, naye hurudi mjini kazini, ambako hakuna aliyemjua babu yake. Wiki ya tatu au ya nne ndipo upweke huja. Mistari miwili siku hiyo ina thamani kuliko kurasa mbili siku ya mazishi. Muulize bibi anaendeleaje, nani anamchanjia kuni, nani amelima shamba la mzee.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema juu ya barua, lakini ombi langu kwa mkutano ni lile la maneno mawili, "au mlezi". Likipitishwa leo, nitaanza kuwaandikia hivyo wenzetu waliofiwa mwaka huu, na daftari la michango litafunguliwa kwa majina yao.