Motokaa Inayotetemeka Katika Mwendo wa Kasi

Hotuba kwa wenye magari na madereva



Barabara kubwa za Kenya zimejaa magari ya kila namna, na mengi kati ya hayo si mapya. Sehemu kubwa yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika huko Japani, kisha yakaendelea kutumika hapa kwa miaka mingi, juu ya lami, changarawe na matope. Si ajabu basi kwamba wenye magari wengi wana malalamiko ya namna moja: gari huenda vizuri mjini, lakini likifika mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa huanza kutetemeka.

Wako wanaolizoea jambo hilo, wakisema kwamba gari limezeeka. Wako na wengine ambao humpa fundi fedha abadilishe kitu hiki leo na kile kesho, na baada ya mwezi gari latetemeka vile vile. Wote hao wamekosa njia. Uzee peke yake hautetemeshi gari. Kila mtetemeko una chanzo chake, na chanzo hicho chaweza kutafutwa kwa utaratibu, kwa kuanza na mambo yasiyogharimu hata senti moja. Tena dalili ya mvua ni mawingu: mtetemeko waweza kuwa onyo la tairi lililo karibu kupasuka, au la gurudumu lililo karibu kuchomoka.

KWA NINI KASI HULETA MTETEMEKO

Gurudumu la motokaa ndogo likizunguka mara moja husogeza gari karibu mita 2. Kwa hiyo katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa gurudumu huzunguka kiasi cha mara 14 kila sekunde. Ikiwa upande mmoja wa rimu umezidi mwingine kwa gramu 30 tu, uzito huo mdogo hulivuta gurudumu kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 4, mara 14 kila sekunde. Katika mwendo wa kilomita 50 nguvu hiyo ni kama kilo 1 tu, kwa maana mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu gari lililo tulivu mjini hutikisika barabara kuu.

Jambo la pili lafanana na pembea ya watoto. Pembea ikisukumwa kwa wakati wake hupanda juu sana, ijapokuwa mkono unaosukuma hauna nguvu nyingi. Springi na vyuma vinavyoshika magurudumu navyo vina wakati wake wa kutikisika. Gurudumu likipatana na wakati huo mtetemeko huwa mkubwa. Mwendo ukizidi hapo, huenda ukapungua. Lakini asidhani mtu kwamba kukimbia zaidi ni dawa. Kosa liko pale pale, na hatari imeongezeka.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kabla ya kushika spana, mwenye gari ajiulize maswali manne.

Kwanza, mtetemeko wasikika wapi? Ukisikika mikononi, katika usukani, mara nyingi chanzo ni magurudumu ya mbele. Ukisikika katika kiti na sakafu, yafaa kuangalia nyuma.

Pili, je, hubadilika mguu ukiondolewa katika akselereta? Ukitokea wakati gari linapovuta tu, na kutulia mguu unapoinuliwa, yafaa kushuku vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu: propela na maungo yake, au maungo ya eksili katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Tatu, je, huja wakati wa kufunga breki tu? Basi yaelekea diski za breki hazina unene sawa, au dramu za nyuma zimepoteza uduara wake.

Nne, je, gari likisimama na injini ikazungushwa kwa kasi ile ile, gia zikiwa huru, mtetemeko hutokea? Ukitokea, magurudumu hayana hatia. Chanzo ni injini yenyewe au mipira inayoishikilia.

Majibu ya maswali haya manne yaandikwe katika karatasi. Fundi akipewa karatasi hiyo hana haja ya kubahatisha.

MAMBO YA KUANGALIA BILA GHARAMA

La kwanza ni nati za magurudumu. Nati iliyolegea ni jambo la kusimamisha safari papo hapo. Gurudumu linapofungwa, nati zikazwe kwanza likiwa limeinuliwa, kwa kukaza moja na kisha ile inayoelekeana nayo, ili rimu ikae sawasawa. Na baada ya kilomita 50 hivi zijaribiwe tena.

La pili ni matope. Udongo mwekundu ukiganda ndani ya rimu hukauka ukawa mgumu kama tofali, na gramu chache zatosha kuleta taabu iliyokwisha elezwa. Magari mengi yameponywa kwa ndoo ya maji na kijiti.

La tatu ni matairi. Yapapaswe kwa mkono pande zote, wa ndani pia. Tairi lenye uvimbe, au lililopanda mahali pamoja, limeachana nyuzi zake ndani na halifai kwa safari hata moja. Umri nao utazamwe: matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka. Penye 3519, tairi lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2019. Tairi kuukuu laweza kuwa na meno mazuri, na mpira wake umekwisha kukauka.

Lipo na jaribio moja lenye faida kubwa. Ikiwa matairi yote ni ya kipimo kimoja, magurudumu ya mbele yapelekwe nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki katika upande wake. Mtetemeko ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, kosa limo katika gurudumu, wala si katika vyuma vya gari. Hapo fedha za kubadilisha vyuma zimeokoka.

KAZI YA FUNDI

Likiwa kosa ni la gurudumu, fundi alipime katika mashine ya balansi, na aseme kama rimu imepinda kwa kugonga mashimo ya barabarani. Wengi hulipia alaimenti wakitumaini kuondoa mtetemeko. Alaimenti mbaya huvuta gari upande mmoja na kula matairi. Ni nadra kulitetemesha.

Kama kosa si la gurudumu, gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, magurudumu yaliyo chini yakizuiwa kwa mawe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe: likicheza, beringi au bolijointi imelika. Lishikwe kushoto na kulia: likicheza, yatazamwe maungo ya usukani. Likizungushwa na kunguruma, beringi imekwisha. Propela nayo huzunguka mara tatu au nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo ungo lake likilegea kidogo tu husikika sana.

Mpaka chanzo kijulikane, gari liendeshwe polepole, au liachwe nyumbani. Anayebeba mke, watoto au abiria hana haki ya kubahatisha kwa roho zao. Nusu saa ya kuangalia magurudumu kabla ya safari ya Mombasa si nusu saa iliyopotea.