Tule Pamoja Ili Tusome Pamoja



Wengi wetu tunaosoma vyuo vya Goma tulikuwa tunakula maharagi na muhogo wa mashamba ya wazazi, Masisi na Rutshuru. Vita vilipowakimbiza wazazi, magunia hayakufika tena. Januari 2025 M23 iliteka mji, mabenki yakafungwa na noti zikawa adimu. Hata ndugu mwenye kitu alishindwa kututumia.

Sasa tunakula mara moja kwa siku, jioni, fufu na sombe. Tunachanga unga na makala, tunapika chungu kimoja. Wengine wanauza yuniti za simu au kubeba mizigo sokoni. Katika chungu hicho Mhunde, Mnande, Mhutu na Mtutsi wanakula sawa.

Lakini wenye silaha wanajua kwamba kijana mwenye njaa huchukuliwa kwa urahisi. Basi tunawaomba: mwenye kiwanja kisicholimwa atuazime, tupande lengalenga na maharagi. Mavuno tutagawana na familia zilizotupokea. Hivyo vijana wetu watabaki masomoni.