Salmonela: kinga ianzie bandani
Chipsi mayai za Songea, mayai yakiiva sawasawa, hazina hatia: bakteria wa salmonela hufa joto likifika nyuzi 70 na zaidi. Ndiyo maana wapo wanaosema jiko linatosha. Halitoshi. Kisu kilichokata kuku mbichi kikihamia kwenye kachumbari, hakuna moto wa kuokoa; tena bakteria hawa huweza kuingia ndani ya yai kabla halijatagwa, hata ganda likiwa safi. Uingereza ilianza kuchanja kuku wa mayai miaka ya 1990, na maambukizi yakashuka sana. Mfugaji mdogo atasema chanjo ni gharama. Ni kweli, lakini kufukuza panya, kubadilisha maranda na kuosha vyombo vya maji kunahitaji bidii kuliko fedha. Maofisa mifugo wa Ruvuma waanzie hapo.