MANENO YETU KWA AKINA MAMA NA AKINA BABA, MKUTANO WA USHIRIKA



Kiungulia, mgongo kuuma, miguu kujaa jioni: haya tunayajua, ni ya mimba. Mama ale kidogo kidogo, asilale mara baada ya kula, akilala alalie ubavu. Na ndoo ya maji abebe baba, jamani, naye kichwa anacho!

Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikigonga, macho yakiona ukungu, hayo si ya kungoja. Ni dalili za kifafa cha mimba. Zahanati siku hiyo hiyo, hata usiku.

Uchungu ukianza, mama atembee, avute pumzi polepole, mwenzake amsugue kiuno. Dawa za miti za kuharakisha uchungu tusimpe kabisa. Kizazi chaweza kupasuka. Nauli ya kwenda kujifungua tuiweke kando mapema, pamba ikishauzwa tu.