Rafadha Iliyoganda: Subira Kabla ya Nyundo



Rafadha, ambayo wengi huiita propela, ikikaa muda mrefu katika maji ya chumvi bila grisi, hugandana na shafti. Tunawasihi msianze kwa nyundo wala moto: nyundo huweza kupinda shafti, na moto huunguza mpira uliomo ndani ya kitovu.

Kwanza zimeni mashine, ondoeni ufunguo na waya za plagi. Mashine ikiwaka ghafla, hukata mikono. Nyosheni ncha za pini, muichomoe. Zuieni bawa kwa kabari ya ubao, mfungue nati. Nyunyizeni mafuta ya kulegeza kutu, mwache hadi kesho yake. Ikigoma, mwiteni fundi mwenye kifaa cha kuivuta.

Mnaponunua nyingine, nendeni na ile kuukuu, mlinganishe kipenyo, mwinamo wa mabawa na meno ya ndani, daini risiti.

Mkifunga, ondoeni nyuzi za mishipi, pakeni grisi isiyoondolewa na maji, rudisheni washa kwa mpangilio uleule, na tumieni pini mpya. Pini ni ya bei ndogo. Ikikatika, nati hulegea, rafadha huzama, nanyi mtabaki mkielea mbali na pwani.