Nyimbo za Mnyonge Zilivyovuka Bahari

 Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matano: bendi, kaseti, studio, albamu, mkataba. Yasomeni pamoja kwa sauti, mara mbili. Yote tutayakuta katika habari ya leo.

Nilipotaja somo hili katika darasa moja, mzee mmoja alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi ni mkulima wa mpunga. Mambo ya bendi yananihusu nini?" Nilimjibu, "Mzee wangu, sikiliza mpaka mwisho, kisha uniulize tena." Nanyi nawaomba hivyo hivyo.

Habari yetu ni ya Ramazani Mtoro Ongala, ambaye wengi walimwita Daktari Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kupiga muziki katika bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy. Baadaye alijiunga na bendi ya Matimila, ambayo ilikuja kuitwa Super Matimila, akawa kiongozi wake. Remmy hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba juu ya kifo, juu ya umaskini, na juu ya mtu asiye na mtetezi. Kwa hiyo watu wa hali ya chini walimwona kuwa ni wao.

Siku zile bendi zilirekodi wapi nyimbo zao? Zamani nyingi zilikwenda Nairobi, kwa kuwa huko kulikuwa na studio na kiwanda cha santuri. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983. Basi bendi zikategemea sana studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio ni chumba kisichoingiwa na kelele, chenye mashine za kunasa sauti. Bendi iliingia humo, ikapiga, mafundi wakaunasa wimbo katika utepe, nao ukasikika nchi nzima.

Hiyo ilikuwa heshima kubwa, lakini heshima haijazi ghala. Wimbo ulipopigwa redioni, wenye maduka waliunasa kwa mashine zao, wakautia katika kaseti, wakauza. Mnunuzi alifurahi. Mwenye duka alipata fedha. Mwenye wimbo, katika kaseti ile, hakupata hata senti moja. Yeye aliishi kwa viingilio vya dansi. Tena mara nyingi magitaa na spika vilikuwa mali ya mtu mwingine. Ninyi wa Ubaruku mnalielewa jambo hili. Mtu akikodi jaruba la mwenziwe, akakodi na trekta, akakopa na mbolea, siku ya mavuno huhesabu magunia mengi, lakini nyumbani hufika na machache.

Sasa tazameni ajabu. Kaseti hiyo hiyo iliyowanyima wanamuziki riziki ndiyo iliyowafungulia mlango. Rafiki mmoja Mwingereza alipokuwa akirudi kwao alichukua kaseti ya Remmy. Ikawafikia watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbali mbali linalofanyika Uingereza. Wakaisikiliza, wakapendezwa, wakamwita. Mwaka 1988 Super Matimila walisafiri kwenda kupiga muziki Ulaya. Mwaka ule ule ikatoka huko santuri yao iitwayo Nalilia Mwana.

Mwaka 1989 walitoa albamu iliyorekodiwa katika studio ya Real World, kijijini Box, Uingereza. Albamu maana yake ni nyimbo kadhaa zilizokusanywa na kutolewa pamoja kwa jina moja. Studio hiyo iliwekwa na Peter Gabriel, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa rock, mahali palipokuwa na kinu cha zamani kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Nanyi mnaijua mashine ya kukoboa: unatia mpunga, unapata mchele na pumba mbali mbali. Studio nayo ni kinu cha namna yake. Kila chombo hupewa kipaza sauti chake, na fundi husikiliza kwa makini. Gitaa likiizidi sauti ya mwimbaji, hulipunguza. Ngoma ikififia, huiongeza.

Albamu ile iliitwa kwa Kiingereza Songs for the Poor Man, yaani Nyimbo za Mtu Maskini. Ilipokelewaje? Ulaya walioipenda walicheza kwa furaha, lakini wengi wao hawakujua neno la Kiswahili. Walipata utamu wa magitaa, na shauri lililomo katika maneno likawapita. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Watu waliyajua maneno vema, lakini albamu iliyouzwa kwa fedha za kigeni haikuwa kitu cha kununuliwa na mchukuzi wa mizigo. Maskini aliyeimbiwa alibaki na redio yake, dansi yake na kaseti yake ya kunakiliwa. Katika albamu ya mwaka 1992, iliyoitwa Mambo, Remmy aliimba nyimbo kadhaa kwa Kiingereza, ili na wale wa mbali wayafahamu maneno.

Nyumbani nako si kila wimbo ulipata mlango. Katika wimbo wa Mambo kwa Soksi aliwahimiza watu watumie kondomu wajikinge na ukimwi. Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Hata hivyo watu waliusikia katika dansi na katika kaseti, ukajulikana sana.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Sinza, alikokaa, pana mahali panapoitwa kwa Remmy.

Sasa nimrudie yule mzee. Mwaka 1999 Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayosema kuwa kazi ya mtunzi ni mali yake. Iko ofisi, COSOTA, ambako mtunzi huandikisha kazi yake apate ushahidi. Lakini sheria haimsomei mtu karatasi anayoitia sahihi. Mkataba ni karatasi ya mapatano, nao ni mmoja kwa mwimbaji na kwa mkulima. Ukipewa mkataba, wa wimbo au wa jaruba, tafuta majibu manne: Mali ni ya nani? Malipo ni kiasi gani? Ni kwa muda gani? Mkikosana, nani ataamua? Jibu moja likikosekana, usitie sahihi wala kidole gumba. Omba siku moja, nenda nayo nyumbani, uisome pole pole. Mwenye haraka ya kukuona ukitia sahihi hakosi sababu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kaseti ya kunakiliwa ilimdhuru mwenye wimbo kwa njia gani? Ilimsaidia kwa njia gani?
2. Je, mtunzi afanya vema kubadili lugha ili asikike mbali? Toeni sababu.
3. Andikeni mkataba mfupi wa kukodi jaruba, wenye majibu yote manne.

Kwaherini mpaka somo lijalo.