Mashine ya Michezo Isiyowaka: Kabla ya Kumwita Fundi

Mashine ya michezo ya mkononi ni mali ambayo mzazi huweza kuinunua kwa akiba ya miezi mingi. Siku inapokataa kuwaka, nyumba huingiwa na fadhaa, na katika fadhaa ndipo fedha hupotea bure. Tunawasihi msikubali ifunguliwe kabla ya kutimiza hatua tatu. Mfano wetu ni Nintendo Switch, iliyoanza kuuzwa Machi 2017.

Hatua ya kwanza ni chaja. Ichomoeni ukutani na kwenye mashine, msubiri angalau nusu dakika, kisha muirudishe. Tumieni chaja iliyokuja na mashine, nayo itoke kwenye soketi moja kwa moja, si kupitia kompyuta. Betri iliyokaa miezi mingi bila chaji huweza kuishiwa kabisa, hata skrini isionyeshe alama yoyote. Iacheni ichaji kwa saa kadhaa kabla ya kuihukumu kuwa imekufa.

Hatua ya pili ni kitufe cha kuwashia. Huenda mashine haikuzimika, bali imeganda. Kibonyezeni bila kukiachia kwa sekunde 12 au zaidi, mkiachie, kisha mkibonyeze tena mara moja.

Hatua ya tatu ni kukagua. Mulikeni tundu la chaja kwa tochi, lakini msilichokoe kwa sindano wala waya. Mkiona mgongo wa mashine umevimba au skrini imeinuka, acheni kuchaji papo hapo, kwani betri ya lithiamu iliyovimba huweza kushika moto. Msiitoboe wala kuitupa pamoja na taka za nyumbani.

Ikiwa bado haiwaki na dhamana haijakwisha, rudini kwa muuzaji mkiwa na risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Mashine iliyokwisha kufunguliwa kando hudhoofisha dai lenu, kwa kuwa muuzaji atadai kuwa kasoro ililetwa na bisibisi.

Dhamana ikiwa imekwisha, pataneni na fundi kwa maandishi: gharama ya uchunguzi, bei ya kipuri na siku ya kuichukua mashine. Muulizeni pia atakavyolinda kumbukumbu. Katika Switch, hatua alizofikia mchezaji huhifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, si kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Fundi akifuta kila kitu, na nakala haikuwekwa kwenye intaneti, mtoto atarudishiwa mashine inayowaka lakini isiyo na chochote alichokijenga. Hasara hiyo haina kipuri.